Kabla ya Rangi, Chimba: Historia ya Mama Kata

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi nyote mliosimama juani kwa sababu viti havikutosha, familia imempa kitindamimba wa marehemu kazi ya kusoma historia hii, na kabla hajaanza mnaombwa mjue kwamba iliandikwa mara mbili, mara ya kwanza na kaka yake, kwa maneno mazuri ambayo yangefaa kwenye mazishi ya mtu yeyote, na mara ya pili baada ya Baba kuisikiliza ile ya kwanza hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Huyu mliyemwandika mimi sikumwoa. Niandikieni mke wangu." Wanasema marehemu hasemwi, nasi tunaujua msemo huo, lakini marehemu huyu aliwasema wafu na wazima bila kubagua, na ripoti ya kupamba aliichana mbele ya aliyeiandika, kwa hiyo atasomwa kama alivyokuwa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Kata, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa mpasua mbao na mkewe aliyefua nguo za mameneja, na chumba alichozaliwa kilitazamana na msumeno mkubwa, ndiyo maana hadi uzeeni alizungumza kama anayeshindana na mashine. Mama yake alifariki mwezi Februari 1952, marehemu akiwa na miezi minane, bado ananyonya, na kwa kuwa mwanamke yule alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi mara tu alipojifungua, na hapakuwa na daktari wa kusema ni nini, ukoo ulijitafutia maelezo yake wenyewe. Mtoto akachukuliwa na shangazi yake, mwanamke msafi, mchapakazi, asiye na simile, na siku moja, alipokuwa na miaka sita, alipoomba kuongezewa maziwa, shangazi yule alimwambia mbele ya watoto wengine, "Wewe shibe yako tunaijua. Ulimnyonya mama yako mpaka ukammaliza." Marehemu alikisimulia kisa hiki mara moja tu, kwa Baba, wiki ya kwanza ya ndoa yao, akacheka, na Baba anasema kicheko kile kilimtisha kuliko ambavyo machozi yangemtisha. Msianze kumwonea huruma, kwani yeye hakuipenda huruma na hakumpa mtu.

Alisoma shule ya msingi ya kiwandani kuanzia Januari 1958 hadi 1965, sekondari kuanzia 1966 hadi 1969, na mwaka 1970 alijiunga na chuo cha misitu, akiwa mwanamke pekee darasani, ambako wenzake walimfichia viatu siku ya kwanza, na siku ya pili wakakuta vyao vimejaa ulimbo wa msonobari. Ni chuoni hapo, katika somo la wadudu, mwalimu alipoweka kitawi cha mberoshi chini ya kioo cha kukuzia, ndipo alipokutana na kiumbe aliyemfuata maisha yake yote, kidukari, mdudu laini wa kahawia, mdogo kuliko punje ya mtama, aliyezamisha mdomo katika gome akatulia kimya kama mtoto kifuani. Mwalimu alieleza kwamba mdomo ule ni sindano nyembamba kuliko unywele, na mdudu huipenyeza taratibu mpaka aufikie mshipa unaobeba sukari kutoka majanini, na akishaufikia hana haja ya kuvuta kwa nguvu, kwa sababu utomvu ndani ya mshipa umebanwa, nao humsukumia mdomoni wenyewe. Marehemu akanyoosha mkono, akauliza, "Kwa hiyo hanyonyi, ananyonyeshwa?" Darasa likaangua kicheko, mwalimu akasema ni yale yale, marehemu akakaa chini, na alama alizopata katika somo lile hazijafikiwa na mwanafunzi mwingine chuoni pale.

Tarehe 3 Januari 1973 aliajiriwa kuwa mkaguzi msaidizi wa afya ya miti katika shamba la misonobari na miberoshi, na kwa miaka kumi na minne kazi ilikuwa ya kutembea, kugonga magogo na kulalamikia buti, mpaka mwaka 1987 ua wa miberoshi wa ofisi ya meneja ulipogeuka kahawia upande mmoja. Meneja alimgombeza mtunza bustani kwa uvivu wa kumwagilia, marehemu akainua tawi la chini, akaingiza kichwa ndani, akawakuta wamejipanga juu ya gome, bega kwa bega, mamia kwa mamia, midomo imezama, wanakula. Alitoka na matone yanayonata kwenye nywele, akasema, "Huu ua umeshakufa, ila haujaambiwa."

Wengi mliopita mikononi mwake mnayakumbuka mafunzo yake, kwamba utomvu una sukari nyingi na lishe haba, kwa hiyo mdudu hunywa kupita kiasi ili apate kidogo anachohitaji, na sukari iliyozidi huitoa kwa nyuma, matone yanayong'aa juu ya majani, ambayo watu wa mjini wakiyaona husema mti umebarikiwa, kumbe wanasifia choo. Alisema utamu ule huota ukungu mweusi kama masizi, ukayafunika yale majani madogo hata jua lisiyafikie, hivyo mti unaibiwa chakula na papo hapo unazimiwa jiko, na sisimizi nao huja kuramba, na kwa ulafi wao huwalinda vidukari wasiliwe na maadui zao, kama wapambe wanavyomlinda tajiri. Alisema majike huzaa bila dume, huzaa watoto wanaotembea, na binti huzaliwa akiwa tayari na binti mwingine tumboni, jambo alilopenda kulisema huku akiwatazama wanafunzi wa kiume mmoja mmoja. Lakini alilolisisitiza kuliko yote lilikuwa mate. Njaa ya kidukari, alisema, mti mkubwa unaweza kuivumilia, ila anapochoma huacha mate, na kwa mberoshi mate yale ni sumu, hutembea ndani ya gome, na tawi huendelea kukauka hata baada ya mdudu kufa au kuhama, kutoka ndani kwenda nje, mpaka siku unapouona mti mzima umekuwa rangi ya chai na humwoni wa kumlaumu, na hapo ndipo watoboa magome hufika, kama ndugu wa mbali wanaofika siku ya mirathi.

Jina la Mama Kata lilitokana na kopo la rangi nyekundu alilolibeba kiunoni, kwani mti aliouchora mistari miwili iliyopishana ulikuwa umehukumiwa, wenye misumeno hawakuuliza swali, na miti aliyoihukumu ilikatwa na kuchomwa siku ileile ili kuiokoa iliyobaki. Hata hivyo hakuwa mtu wa kukurupuka, na hili wenzake watalithibitisha, kwa sababu alimwekea kila mkaguzi sheria moja tu, kabla ya rangi, chimba. Mti wenye kiu hugeuka njano, mti uliooza mzizi hugeuka njano, mti unaofyonzwa hugeuka njano, na njano peke yake haina ushahidi, kwa hiyo ulitakiwa upige magoti, uchimbe, uutazame mzizi, uukate kidogo, uunuse, ndipo ufungue kopo. Mkaguzi aliyechora bila kuchimba alimfukuza kazi, na mmoja alimfukuza akiwa bado na brashi mkononi. Mwaka 1994 waliletwa nyigu wadogo mno wasiomuuma mtu, ambao hutaga yai ndani ya mwili wa kidukari, na mtoto wa nyigu humla mwenyeji wake taratibu kutoka ndani mpaka likabaki gamba lililovimba, na marehemu aliyaleta magamba yale nyumbani ndani ya kopo, akayamwaga mezani wakati tunakula, akasema hiyo ndiyo haki ya kwanza aliyowahi kuiona kwa macho yake. Kazini hakukosea hata mara moja, na hilo ndilo lililomharibu.

Tarehe 17 Desemba 1976 alifunga ndoa na fundi saa mwenye kimeza chake mbele ya posta, mtu mpole, ambaye ndiye Baba yetu aliyeketi hapa mbele na koti ambalo marehemu alimkataza kulivaa. Walipendana, na jambo hili lazima lisemwe wazi, kwa maana waliosikia alivyomwita wangeweza kudhani vingine. Zilipoingia saa za betri, za kutupa zikiharibika, kimeza cha Baba kikakosa wateja, na marehemu, aliyeupenda sana msemo wa kikulacho ki nguoni mwako, akaanza kumwita Kidukari Wangu mbele ya wageni, naye Baba akawa anaitika, "Naam, tajiri," huku akitia ufunguo saa ya ukutani, kazi pekee iliyobaki katika taaluma yake.

Walijaliwa watoto watatu, Dada aliyezaliwa Machi 1978, Kaka aliyezaliwa 1981, na kitindamimba aliyezaliwa 1989, na nyumba yetu iliendeshwa kama kitalu cha miche, safi, yenye mistari iliyonyooka, na yenye hofu. Kila Jumamosi jioni marehemu alifanya ukaguzi, ambapo kila mtu alisimama akaeleza wiki ile amekirudishia nini chungu anachokulia, na kitindamimba, akiwa na miaka mitano, alirudisha vijiti vya kuwashia moto, akapita kwa shida. Dada ndiye pekee aliyeweza kumchekesha marehemu siku hizo, kwani alikuwa akisimama wima kama askari, akasema, "Mkaguzi Mkuu, nimerudisha uzuri wangu," na marehemu alikuwa akigeukia dirishani ili tusione meno yake. Alimpenda mtoto yule kupita sisi, hatuna kinyongo, tunalisema tu ili mjue kilichopotea.

Dada aliolewa na dereva wa lori, na mwezi Aprili 2001 alirudi nyumbani, dereva ameondoka na lori lake na hana mpango wa kurudi, mgongoni ana binti wa miezi mitatu. Hakuwa Dada tuliyemjua, kwa sababu alizipanda ngazi tatu za mlangoni kwa kupumzika, viatu havikumwingia jioni, alilala ameketi akiegemea mito, akisema akinyooka anahisi anazama, na mchana kutwa alikuwa kitandani, anamnyonyesha mtoto macho yamefumba. Marehemu alimtazama kwa wiki kadhaa kutoka mlangoni, kopo kiunoni, akaona rangi imepauka, akaona mtu anayekaa mahali pamoja, hatembei, hafui, na anakula, akakata shauri. Baba alipomwambia, "Mke wangu, huyu mtoto anaumwa," alijibiwa kwamba fundi saa asiye na saa hawezi kujua kilichoharibika, na Baba, ambaye ulimi wake haujawahi kushindana na wa mtu, akaenda kutia ufunguo saa ya ukutani.

Jumapili ya tarehe 10 Juni 2001 tulikuwa na wageni, marehemu ametimiza miaka hamsini na amepandishwa cheo kuwa mkaguzi mkuu, sebule imejaa wenzake wa kazini, mpaka wengine wamekalia makasha ya soda. Dada alitoka chumbani ameshika ukuta, mtoto begani, akamwinamia marehemu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kesho ukienda kazini nipitishe hospitali, kifua kinanibana." Marehemu hakuwa na sauti ya chini, wala siku ile hakuitafuta. "Wewe huumwi," akasema, sebule nzima ikisikia, "wewe unanyonya. Mtoto anakunyonya wewe, wewe unaninyonya mimi, haya, mimi nimnyonye nani?" Mlicheka. Baadhi yenu mko hapa, na kitindamimba, aliyekuwa akizungusha sinia la glasi, anazikumbuka sura. Kisha meneja msaidizi, aliyekuwa ameshiba na mwenye furaha, akapaza sauti, "Mama Kata, wa nini huyo, mpige rangi tu!" Kicheko kikapanda tena, na marehemu, ambaye hakuwahi kushindwa na mzaha wala kukwepa changamoto, akaweka glasi chini, akaenda kulichukua kopo, akauchora mlango wa chumba cha Dada mistari miwili miekundu iliyopishana, mikubwa, kutoka pembe hadi pembe, na watu wakapiga makofi.

Dada alifungasha akiwa ameketi, na alipovuka sebule, Baba nyuma yake amebeba sanduku, kicheko kilikuwa kimeanza kupungua, kwa sababu wengine walikuwa wameona jinsi anavyovuta pumzi. Alisimama mbele ya marehemu, na hakulia, akauliza swali moja, swali ambalo kila mtoto wa nyumba ile alilijua tangu utotoni, "Mama, umechimba?" Marehemu akamjibu, "Wewe huna mzizi hapa."

Maji yakimwagika hayazoleki, na ulimi uliosema vile haukurudi nyuma. Dada alipokewa na wifi yake, dada wa yule dereva, mwanamke mshona nguo mwenye chumba kimoja na cherehani mbili, na tarehe 2 Novemba 2001, asubuhi ya siku waliyopanga kwenda hospitali, alikata roho akiwa ameketi kitini, mtoto wa miezi kumi kifuani, bado ananyonya. Watu wakasema kifua, na hakuna aliyeuliza zaidi. Marehemu alikuja mazishini kwa gari la kazi, akasimama na mkoba wake mkononi, jicho kavu, na mshona nguo alipomsogezea yule mtoto ili walau amshike, akasema, "Basi naye amemmaliza wa kwake." Akarudi garini. Maneno yale yalisikiwa na watu wengi, yakatembea, yakamfika mtoto mwenyewe alipokuwa na miaka saba, shuleni, kutoka kwa mtoto mwenzake, na tangu siku hiyo ni binti anayekula kidogo na kuosha sahani yake kabla hajamaliza kutafuna.

Tungependa kuwaambia kwamba marehemu alijuta, lakini hatuna hakika, tuna jambo moja tu, kwamba wenzake wanasema tangu mwaka ule hakuitamka tena ile sheria ya kuchimba, alikuwa akimkabidhi mwanafunzi jembe, akienda kusimama mbali, akitazama pengine. Baba aliupaka ule mlango rangi nyeupe. Yeye ndiye aliyemwona mjukuu miaka yote, kila mwezi, akituaga kwamba anakwenda kutafuta vipuri vya saa, wakati hapakuwa na saa ya kutengeneza, na marehemu, ambaye hakuna kilichompita, hakuwahi kumwuliza vipuri viko wapi. Alistaafu tarehe 9 Juni 2011, akiwa na afya njema, akaendelea kuukagua mtaa.

Ugonjwa ulimwanza mwezi Agosti 2023, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akalala ameegemea mito, na aliwaambia wote kwamba ni uzee na dawa yake ni kutembea, mpaka alipoanguka njiani akapelekwa hospitali na jirani aliyekuwa hasemi naye. Mwezi Oktoba daktari wa moyo alimweleza, akiwa naye peke yake kwa sababu alikuwa ametufukuza nje, kwamba moyo wake umetanuka na misuli yake imelegea, kwamba maradhi ya namna hii hutembea katika ukoo, huweza kukaa kimya kwa mmoja hadi uzeeni na kumzukia mwingine akiwa kijana, hasa mwanamke, hasa anapobeba mimba na kujifungua, miguu huvimba, pumzi hukata, na asipotibiwa hufa, naye huonekana tu kama mtu aliyechoka. Daktari anasema marehemu aliuliza swali ambalo yeye alilichukulia kama mzaha wa bibi, "Kwa hiyo mtoto anayenyonya hamuui mama yake?" Daktari akacheka, akasema, "Hapana, Mama, mtoto anayenyonya hamuui mama yake." Marehemu, akiwa na miaka sabini na miwili, akaomba viatu vyake.

Lakini kabla hajavivaa, daktari alimwuliza kama kuna binti yake yeyote aliyefariki mapema, naye akasema, "Hakuna aliyeugua." Daktari akamwambia watoto wote na wajukuu wapimwe, na wa kike wapimwe kabla hawajashika mimba, naye akajibu, "Nitawaambia." Hakutuambia. Alikaa na neno lile kuanzia Oktoba hadi Mei, akila nasi meza moja, akituuliza nani ameacha taa inawaka, na mwezi Februari Baba alipoleta habari kwamba mjukuu ameolewa na ana mimba, marehemu aliweka kijiko chini, akakichukua tena, akasema supu imepoa. Kusema kungemgharimu sentensi moja, kwamba Dada alikuwa mgonjwa, na sentensi ile ilimshinda. Tumekaa na jambo hili siku tatu sasa, na hatujui tulifanye nini, tunalileta kwenu likiwa bichi.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 14 Mei 2024, hospitalini, aliomba aitiwe mjukuu. Alikuja, mimba ya miezi mitano, amevaa gauni alilomshonea mshona nguo, akasimama mlangoni kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa kuingia. Marehemu alimtazama uso, akamtazama tumbo, akatazama miguu yake, ambayo ilikuwa imeanza kujaa kidogo juu ya kiatu, na sote tuliokuwepo tuliona midomo yake inajiandaa. Alikuwa na pumzi ya maneno manne, akayatumia kusema, "Funga mlango, baridi inaingia." Hakusema aufunge akiwa ndani au akiwa nje. Binti alifikiri kidogo, akaingia, akaufunga nyuma yake, akaketi, na alikuwa ameushika mkono wa bibi yake saa nne na robo asubuhi pumzi ilipokoma.

Familia inamshukuru daktari wa moyo, ambaye alipotupa pole pale ukumbini aliuliza, "Na yule mwenye mimba, vipimo vyake vilisemaje?" tukamwuliza vipimo gani, na kwa swali lake hilo moja akatupa yote ambayo marehemu alitunyima. Kaka na kitindamimba walipimwa umeme wa moyo juzi, wakaonekana wazima, picha bado. Tunawashukuru wauguzi, waliovumilia kukaguliwa vitanda na mgonjwa wao, na majirani, hasa yule aliyembeba mtu asiyemsalimia. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake kwa maua, na kwa heshima zote mlizompa, na wale waliokuwepo sebuleni siku ile hatuwadai kitu, tumewasomea tu. Mshona nguo, tunakushukuru wewe kuliko wote, ulilea kisichokuwa chako kwenye chumba kimoja, na hukumhesabia mtoto kijiko.

Na wewe mjukuu, usisimame, kaa hapohapo, usikie mbele ya watu wote, kwa kuwa ulisemwa mbele ya watu. Hukummaliza mama yako. Moyo wake ulikuwa unaumwa kabla hujaonja tone, alijua anaumwa, akaomba hospitali, akanyimwa, na wewe ulikuwa mtoto mchanga mwenye njaa, basi. Bibi yako naye hakummaliza wa kwake, aliujua ukweli huo akiwa na miaka sabini na miwili, akauzuia kwako, wewe unaujua leo.

Jamani, mashine ya kupiga picha ya moyo hufanya kazi Ijumaa tu, na leo ni Ijumaa, daktari anamngoja mjukuu saa nane, hivyo mkituona tunaondoka kabla udongo haujasawazishwa msiseme tunakimbilia kugawana vyombo. Mwenye gari lililoziba pale getini, tunaomba alisogeze sasa.

Mama, wewe lala. Sisi tunampeleka mtoto hospitali.